Risasi za Nguruwe na Risasi za Pongo

Vijana wangu wa kitengo, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa. Kisha mkaniomba niandike mambo ya zamani. Nikadhani mnataka busara. Kumbe mlitaka niwaamulie ule ubishi wenu wa chai ya saa nne: ukiwa na bastola tu, ni risasi gani ya kumpigia nguruwe pori? Kila mmoja wenu ameshaona video kwenye simu na ana uhakika. Mimi sikuona video, nilimwona nguruwe, kwa hiyo naingia kwenye ubishi huu nikiwa na upungufu. Nitajaribu hivyo hivyo.

Vyeo sitavitaja, vilinifikia nimeshachoka. Mishahara mnaijua. Nitaanza na siku ya kwanza.

Niliripoti Mbeya mwanzoni mwa miaka ya sabini, Wachina wakiwa bado wanachonga milima kupitisha reli. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili pale Iyunga, kando ya barabara kuu, chini ya bati lisilo na dari. Mvua ikinyesha hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, wala mkubwa hakuweza kutoa amri, na siku hizo kazi zilikwenda vizuri mno. Kitengo kilikuwa na kazi moja, kuwazuia wanyama wasile mazao ya watu. Jina la kitengo lilibadilishwa mara nyingi kuliko matairi ya Landrova yake, lakini kwa wananchi sisi sote tulikuwa Bwana Nyama.

Aliyenipokea ni Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mfupi aliyevaa sweta moja ya kijani kiangazi na masika. Alikuwa msasi tangu enzi za Mwingereza. Aliniangalia viatu kwanza, ndipo akaniangalia uso.

"Gwe kijana, umesoma?"

"Ndiyo, Mzee. Kidato cha nne."

"Pole. Utasahau tu."

Akanipa kitambaa na kopo la mafuta, nikaanza kusafisha bunduki. Nilisafisha mpaka nikaota harufu ya yale mafuta. Bunduki kubwa zilikuwa na wenyewe, na mimi mgeni nikaachiwa bastola iliyokuwa imelala kwenye droo, ile ya aina ya tumbo linalozunguka, ambayo mkulima mmoja wa Kizungu wa kahawa kule Mbozi aliiacha alipofunga mizigo kwenda kwao. Hakuna aliyekuwa anaitaka. Bastola ilitengenezwa ili mtu amtishe mtu mwenzake, na nguruwe hatishiki. Wala hajui kwamba amenyooshewa kitu.

Lakini Mzee Ambakisye hakupenda kuona chombo kimekaa bure. Siku moja alirudi na ngozi ya bega la dume kubwa, akaitundika kwenye mkaratusi nyuma ya ofisi, akaniita. Dume la nguruwe pori likizeeka, nyama ya bega chini ya ngozi inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Tuliita ngao. Akaniambia nipige kila aina ya risasi tuliyokuwa nayo, halafu niende nikatazame kwa macho yangu badala ya kuuliza watu.

Haya ndiyo niliyoyaona, na mnaweza kuyaandika. Risasi ya mviringo iliyovishwa koti la shaba inapita upande huu ikatokea ule, safi kabisa, inaacha tundu la sindano. Nguruwe aliyepigwa nayo atakushukuru, ataondoka, na atakwenda kufia wilaya nyingine, ambako hahesabiwi kuwa wako. Ile yenye shimo puani, mnayoipenda kwa sababu kwenye video inachanua, kwenye bega la dume inachanua mlangoni. Haiingii ndani. Inayofaa ni nzito, ya madini ya risasi yaliyochanganywa na kitu cha kuyafanya magumu, bapa mbele, isiyo na haraka wala maringo. Inasukuma mpaka ifike. Na hata hiyo uipige mkiwa karibu kiasi cha kutemeana mate, nyuma kidogo ya bega au nyuma ya sikio. Ukiona ni mbali, rudisha bastola kiunoni, ukanywe chai.

"Sasa umesoma," Mzee Ambakisye aliniambia siku hiyo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya matokeo ya mtihani.

Baada ya miaka kadhaa tulihamishiwa Iringa, mimi na yeye pamoja, na ile bastola ikaja nasi. Nilipanga chumba Mlandege, na kule Mlandege ndiko nilikomjua Fundi Yusufu. Babu yake alitoka Bara Hindi na maduka ya nguo, baba yake akauza nguo, yeye nguo zikamshinda akafungua karakana ya baiskeli. Nyuma ya karakana, kwa kibali, alikuwa anatengeneza bunduki na kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Risasi mpya kutoka makao makuu zilikuja kwa kudra, kwa hiyo kila ganda tuliliokota kama yai, tukampelekea.

Alikuwa anayeyusha vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya malori kwenye sufuria, anamimina kwenye kalibu, anaweka fataki, anapima baruti kwa kijiko cha mfupa, anafunga. Alikuwa mswalihina hasa. Risasi zake za nguruwe zilikuwa bora kuliko za mtu yeyote Nyanda za Juu, na jina la nguruwe sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Umekuja kwa ajili ya yule?" ndivyo alivyokuwa akiniuliza.

"Ndiyo, Fundi. Yule."

"Wa wapi safari hii?"

"Wa Kilolo. Wamekula viazi."

"Mwenyezi Mungu atunusuru," alisema, akaongeza baruti.

Kwa wanyama wengine alikuwa na utaratibu tofauti. Pongo na tandala nao walikuwa wanaingia kwenye maharage, na nyama yao tuliigawa vijijini, ambako kulikuwa na Waislamu na Wakristo. Fundi Yusufu alisema hawezi kutengeneza risasi itakayomfanya Mwislamu mwenzake ale mzoga. Kwa hiyo risasi za pongo alizijaza kwa upole. Mnyama alipaswa kuanguka, alale, aendelee kupumua, mpaka mtu afike na kisu, apige bismillahi na kuchinja. Za yule alizijaza kwa nguvu zote, kwa sababu yule hakuna anayemsubiri kwa kisu. Kichwa cha risasi kilikuwa kile kile, bapa na kizito, kwa kuwa alikuwa na kalibu moja tu. Tofauti ilikuwa baruti iliyokuwa ndani. Za nguruwe zilikaa kwenye kopo lililofungwa kitambaa chekundu, za pongo kwenye kopo la kitambaa cheupe, na hakuna aliyewahi kukosea. Mpangilio huo ulidumu miaka.

Ndipo ikaja vita ya Uganda. Bunduki kubwa zote za kitengo zikachukuliwa, na ilikuwa haki, kwa sababu Nduli hakuwa anafukuzwa kwa mbwa na mikuki. Tulizipakia kwenye lori wenyewe huku tunaimba. Nguruwe nao walikuwa na sababu ya kuimba. Msimu ule mahindi yalikuwa mazuri Iringa nzima, na ulinzi wake wote ulikuwa bastola ya Mzungu wa Mbozi na makopo mawili. Baruti iliadimika. Fundi Yusufu alitutazama tulipokwenda akafungua mikono mitupu.

Wakati huo huo tuliletewa mkubwa mpya, ametoka kozi. Jina lake halina kazi hapa. Alipokagua ghala aliona makopo mawili yenye vitambaa, akauliza hiki ni kitu gani, ofisi ya serikali au kilinge cha mganga? Mzee Ambakisye na mimi tulikuwa safarini Mufindi. Tuliporudi tukakuta sanduku jipya la mbao, limepakwa rangi ya kijivu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, na ndani yake risasi zote zimelala pamoja kwa amani.

"Afande, zile zilikuwa aina mbili," nilimwambia.

Akachukua moja, akachukua nyingine, akaziweka kiganjani. "Nionyeshe tofauti."

Nilitazama. Zilikuwa mapacha.

"Risasi ni risasi," alisema. "Ninyi mmezoea ushirikina."

Mzee Ambakisye hakubishana. Alisubiri mkubwa aondoke, akachukua risasi moja, akaitikisa sikioni akiwa amefumba macho. "Hii ya yule," alisema. Akatikisa nyingine. "Hii ya pongo." Akaendelea hivyo mchana kutwa, akiweka za huku huku na za kule kule, uso umetulia kama daktari anayesikiliza kifua. Nilimwamini moja kwa moja. Ningemwamini hata kama angezinusa.

Sasa niwaambie habari ya Mama Vumilia, maana ndiyo sababu naikumbuka risasi moja moja ya msimu ule. Alikuwa mjane wa Kihehe katika kijiji kilichohamishiwa pembeni ya msitu, mwendo wa kutwa kutoka mjini. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, limepakana na korongo lenye matete, yaani alipewa mlango wa nguruwe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Shemeji yake, Bwana Kalinga, mwenye wake wawili na koti la sufu, alikuwa tayari kumrithi. Mama Vumilia alikataa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua kwa busara yao kwamba wataangalia mavuno. Akivuna chakula cha kumtosha yeye na wanawe, abaki kwenye nyumba yake. Asipovuna, aende kwa shemeji, kwa sababu ukoo hauwezi kulisha mtu mwenye kiburi.

Tulipofika, mimi na Mzee Ambakisye, nguruwe walikuwa wameshalaza nusu ya shamba. Nusu iliyobaki ingetosha, kama hawatarudi.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene. Mmechelewa." Alituonyesha mabua yaliyolazwa chini. "Ona, Bwana Nyama. Ukoo unasema wananiangalia, shemeji anasema ananihurumia. Lakini anayeniozesha ni hawa nguruwe. Wanakula, mimi naolewa. Kila usiku naolewa kidogo."

"Mama, ni kundi kubwa?"

"Iko dume moja kubwa, ndiyo inaongoza. Hao wengine wanaifuata tu, kama wanaume wa hapa kwetu. Hiyo ikifa, wanahama."

Niliona aibu, sijui kwa niaba ya nani. Nikamwahidi kwamba dume lile litakufa, na nikaahidi kwa kujiamini kwa sababu kiunoni nilikuwa na risasi zilizopimwa kwa sikio la Mzee Ambakisye.

Asubuhi kijiji kizima kilitoka na mbwa. Msako wa Wahehe ni kazi ya mpangilio: wapiga kelele na mbwa wanaingia juu ya korongo, wenye mikuki wanakaa chini pembeni ya njia, na mnyama anasukumwa awaendee. Bwana Kalinga alikuja na koti lake na mkuki uliopakwa mafuta. Alitangaza kwamba amekuja kumsaidia mwenye shida, na akasema kwa sauti ya kutosha mwenye shida asikie. Mama Vumilia hakuwepo kwenye mstari, kwa sababu mwanamke haendi msakoni. Alibaki shambani kwake, anapalilia maharage kati ya mahindi yaliyosalia.

Mbwa walibweka kwa muda, kisha matete yakafunguka na dume likatoka. Sitawadanganya, nilitamani kuwa karani. Lilikuwa jekundu la kukaribia weusi, manyoya ya mgongo yamesimama, na lilikuwa halikimbii. Lilitembea kama mwenye shamba. Lilipofika karibu, ule umbali wa kutemeana mate, nilipiga nyuma ya bega, pale pale nilipofundishwa. Likaanguka, miguu ikakunjika, likatulia.

Kelele iliyopigwa ilisikika Iringa mjini, naamini. Watu wakalizunguka, na kama ilivyo kawaida ya msako, nyama ikaanza kugawanywa kwa mdomo kabla ya kisu. Mguu wa mbele wa Bwana Nyama. Mguu wa nyuma wa wenye mbwa. Bwana Kalinga akadai kifua, akieleza kwamba mkuki wake ungerushwa kama bastola isingewahi. Mimi nilikuwa natazama tumbo la dume. Lilikuwa linapanda na kushuka taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Lilikuwa limelala sawasawa kama Fundi Yusufu alivyokusudia pongo walale: limeanguka, linapumua, linasubiri mtu wa kisu na bismillahi. Risasi ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu wote, ila ilikuwa kazi ya mnyama mwingine. Na katika umati ule wote, mwenye dini ya kuchinja hakuweza kumgusa yule, na wasio na dini hiyo walikuwa bado wanabishania kifua.

"Rudini nyuma!" nilipiga kelele.

Dume likasimama. Wanaume wakatawanyika kama kuku. Mzee Ambakisye aliteleza kwenye tope la korongo akaenda chini kwa makalio. Bwana Kalinga, nilimwona kwa macho yangu, aliacha mkuki na kupanda mkuyu akiwa na koti, mtu mzima mwenye wake wawili. Nilipiga tena. Risasi ikagonga ngao ya bega, ikabaki huko huko. Nilipiga ya tatu, ikalia tik, fataki imekufa. Dume likageuka, likaona upenyo mmoja tu ambao hauna watu, nao ulikuwa mahindi ya Mama Vumilia.

Mama Vumilia alikuwa amesimama kwenye mstari wa kwanza, jembe mkononi. Sikuweza kupiga tena kwa sababu sasa alikuwa nyuma ya dume, mbele kabisa ya mdomo wa bastola yangu.

"Mama, ondoka!"

"Niondoke niende wapi?" alijibu.

Dume lilikuwa limechoka, damu inatoka, lakini lilikuwa bado zito kuliko yeye mara nyingi, na lilikwenda moja kwa moja. Hakusogea. Alinyanyua jembe kama mtu anayevunja bonge la udongo, akalishusha kati ya macho. Dume likapiga magoti. Akalishusha tena. Mimi, sioni haya kusema, nilikuwa nasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa lugha ya mama yangu. Aliendelea kupiga hata baada ya dume kufa, mpaka Mzee Ambakisye, tope mpaka mgongoni, akafika akamshika mkono.

"Mama. Yatosha, mwanangu. Limekufa."

Akaachia jembe. Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyejua pa kuangalia. Mahindi nyuma yake yalikuwa yamesimama yote.

Ikabaki nyama. Mila iko wazi kwamba aliyemaliza mnyama ndiye anayesema mgao, na wazee wakaanza kukohoa, kwa sababu mila hiyo hiyo haikuwahi kufikiria mwanamke. Mmoja akapendekeza wamwachie mkubwa wa ukoo agawe kwa niaba yake.

"Mkubwa yupi?" aliuliza Mzee Ambakisye. "Mimi niliteleza. Huyu kijana wangu amepiga risasi za kuchinjia pongo, na aliyezichagua ni mimi kwa masikio yangu haya. Mkubwa wenu mwingine yuko kwenye mkuyu, hajashuka. Mwacheni mama aseme."

Mama Vumilia alifuta uso kwa kanga, akapiga magoti kando ya dume, akaanza kugawa. Kichwa akakiweka kando, chake, mwenye shamba. Mguu wa mbele akanipa mimi, na niliupokea huku natazama chini. Wenye mbwa wakapata, na mbwa wenyewe wakapata. Akagawa mpaka wazee wakaacha kukohoa, kwa sababu kila mmoja alipata kilicho chake na hakuna aliyepunjwa.

Kisha akainua macho kwenye mkuyu.

"Shuka, shemeji."

Bwana Kalinga akashuka, koti limechanika begani. Mama Vumilia alichagua mguu wa nyuma ulionona, akausimamisha mbele yake.

"Mpelekee dada, mkeo mkubwa, nyumbani. Mwambie ale na watoto. Na umwambie mimi siji."

Bwana Kalinga akainama, akaupokea ule mguu kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.